Chapa za mbao za Kijapani za kufundisha adabu: tuanzie wapi kuzichonga hapa Tabora?

Mwl_wa_Kanyenye

Mwangaluka wakuu,

Nina klabu ya sanaa yenye wanafunzi 18 wa kidato cha pili na cha tatu, hapa Tabora mjini. Tunataka kuchonga na kuchapa picha sita zinazofundisha mwenendo wa kila siku: kupanga foleni bombani, kutotupa taka mtaroni, kumwacha mtu amalize kusema, kurudisha ulichoazima. Mbili zilizobaki watachagua wenyewe. Mfano tunaoufuata ni chapa za mbao za Kijapani, zile zenye rangi tambarare na kisanduku cha maandishi kwenye kona. Nimeelewa kwamba serikali ya Japani ndiyo iliyokuwa ikizichapisha ili kuwafunza raia adabu.

Jaribio la kwanza lilikuwa picha ya foleni: ubao wa mninga, rangi mbili, karatasi ya kawaida ya A4. Kasoro zake ni hizi. Maneno yametoka kinyume. Matumbo ya herufi a na e yameziba. Nyekundu imekaa karibu milimita 4 nje ya mstari wake. Nyeusi ina vitone vyeupe kama ufuta. Zaidi ya hayo, picha yenyewe inafanana na tangazo la ukutani ofisini, haimvuti mtu kuitazama mara ya pili, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Naomba mwongozo. Tuangalie kazi zipi za Kijapani kwa ajili ya utunzi, na tufanyeje kwa mbao, karatasi na wino tunavyoweza kuvipata hapa? Duka la vifaa vya sanaa hatuna. Tunao mafundi seremala na steshenari.

---

Binti_Nakshi

Pole na kazi, Mwalimu. Nianze na hilo la serikali, maana linabadilisha hata namna ya kutunga picha.

Kwa sehemu kubwa ya historia yake, chapa hizi hazikutoka serikalini. Zilitoka kwa wachapishaji binafsi wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Mchapishaji aliwalipa mchoraji, mchongaji na mpiga chapa, kila mmoja kwa fani yake, kisha akaiweka picha dukani na mtu akainunua kwa hela yake mwenyewe. Picha iliyohubiri bila kupendeza ilimdodea. Serikali ilikuwa mkaguzi: kuanzia 1790 chapa zilitakiwa kubeba muhuri wa ukaguzi. Mwaka 1842 ikapiga marufuku picha za waigizaji na za wanawake wa madanguro, ndipo wachapishaji wengi wakahamia kwenye mada za maadili ili biashara isife. Serikali yenyewe ilikuja kutoa chapa za mafunzo baadaye, mwaka 1873, pale Wizara ya Elimu ilipotoa picha za kuwafundishia watoto nyumbani. Miongoni mwake zimo za wavumbuzi wa Ulaya, kama James Watt na birika lake la mvuke. Kwa historia zina thamani, ila kwa utunzi msianzie huko.

Anzeni na Suzuki Harunobu. Uchapaji wa rangi nyingi ulishika kasi mwaka 1765, na yapata 1767 yeye akatoa chapa tano za maadili matano ya Kikonfusio: utu, haki, adabu, hekima na uaminifu. Katika ile ya hekima hakuna mzee mwenye ndevu wala radi kutoka mbinguni. Kuna msichana anafundishwa kuandika. Basi. Adili kubwa limewekwa ndani ya tendo dogo la chumbani.

Halafu mtazameni Kitagawa Utamaro, na hapa kaeni sana. Yapata 1802 alichora mfululizo wa chapa kumi ambao jina lake tunaweza kulisema hivi: mafunzo kwa miwani ya wazazi. Kichwa cha kila picha kimeandikwa ndani ya umbo la miwani, yaani mzazi anamkagua binti. Maandishi ya kisanduku yanakemea. Chini yake yuko mwanamke mmoja tu, kuanzia kiunoni kwenda juu, amejaza karatasi nzima. Mmojawapo, yule aliyeitwa asiye na haya, mkono mmoja ananyanyua glasi ya pombe, mkono mwingine kashika kaa. Jicho linakwenda kwenye glasi, likahamia kwenye kaa, kisha usoni, na maandishi yanasomwa mwisho kabisa. Kosa limewekwa mikononi mwa mtu.

Sasa rudi kwenye foleni yenu. Nadhani mmechora watu wengi wamepangana na maneno makubwa juu. Ondoeni watu. Chora ndoo mbili chini ya bomba na mikono miwili: mmoja unaisukuma ndoo ya mwenzake pembeni, mwingine umeishika ndoo isisogee. Mtoto yeyote wa Tabora aliyewahi kuteka maji kiangazi ataelewa kabla hajasoma neno.

Miwani ya Utamaro msiinakili. Tafuteni chombo chenu cha kutenganisha jema na baya. Ninavyoona mimi, ungo unafaa kabisa: unapepeta, pumba zinatoka, mchele unabaki. Ni duara, mchongaji mchanga analimudu, na kichwa cha picha kinakaa katikati yake vizuri.

Kazi ya tatu ni ya Santō Kyōden, kitabu cha picha cha mwaka 1790 kilichochorwa na Kitao Masayoshi. Kilijengwa juu ya mafundisho ya Shingaku yaliyoanzishwa na Ishida Baigan mjini Kyoto: kwamba muuza duka, fundi na mkulima wanaweza kuusafisha moyo kwa kazi zao za kila siku. Kyōden aliigeuza nafsi njema na nafsi mbaya kuwa vijitu vidogo vilivyo karibu uchi, kila kimoja na kichwa cha mviringo kama sahani, ndani yake herufi moja ya wema au ya uovu. Vinaitwa zendama na akudama. Kijana mwana wa mfanyabiashara anajilaza usingizi, akudama wanaifunga kamba nafsi njema, na toka hapo kijana anapotea hadi mwalimu anapomrudisha. Watu walivipenda sana vijitu hivyo, na wachoraji wengine wakavichukua kwa miaka mingi baadaye.

Kwenu inaweza kuwa hivi: kila picha iwe na vijitu viwili, kimoja kina W usoni kwa wema, kingine U kwa uovu. Nimezichagua herufi hizo kwa makusudi. W na U ukizigeuza kwenye kioo zinabaki zilezile, kwa hiyo hata mwanafunzi akisahau kugeuza hazikosei.

Tahadhari moja kwenye mada. Mtaona chapa nyingi za watoto 24 mashuhuri kwa kuwatii wazazi. Visa vyenyewe ni vya Kichina, na Utagawa Kuniyoshi alivichora zaidi ya mara moja. Kimojawapo ni cha mtoto aliyekaa uchi ili mbu wamng'ate yeye, wasiwafikie wazazi wake waliokosa chandarua. Kama historia kisimulieni. Kama mfano wa kuiga, hapana, si katika mkoa wenye malaria. Mkikipenda, mchoreni mtoto anachomekea chandarua cha bibi yake chini ya godoro.

Na maneno yawe machache kama jina la kanga. Kanga nyingi zilizovaliwa Afrika Mashariki katikati ya karne ya 20 zilichapwa Japani, kwa hiyo msidhani ni dunia mbili zilizo mbali sana. Mstari mmoja, maneno yasizidi matano.

---

Fundi_Patasi

Mwalimu, mninga ni mbao ya kabati na mlango, si ya mstari mwembamba. Vinyweleo vyake ni vikubwa na nyuzi zake hupishana: kisu kikienda mbele kinakata, kikigeuka kinang'oa. Ndiyo maana matumbo ya herufi yameziba. Hayakukatika, yalivunjika.

Wajapani hutumia mcheri wa porini kwa sababu ni mgumu kiasi, una chembe ndogo na sawasawa. Ubao hupasuliwa kwa urefu wa gogo kama mbao ya kawaida, haukatwi kama kipande cha kinu. Hapa kwetu kinachokaribia ni mpera. Mchungwa na mlimau pia zina chembe ndogo na hushika ncha. Ubaya wake ni kwamba hazina upana, utapata vipande vya sentimita 10 hadi 15, kwa hiyo unaunga viwili au vitatu ubavu kwa ubavu. Tumia gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, maana ubao huu utaloweshwa kila siku. Gogo bichi usilichonge. Lipasue mbao za sentimita 3, paka nta au rangi kwenye vichwa vyote viwili, zipange kivulini na vijiti katikati hewa ipite. Ukiacha vichwa wazi kiangazi cha Tabora zitapasuka zote.

Kwa kuwa muhula hausubiri, picha za kwanza chongeni kwenye MDF, yaani ubao wa kiwandani wa mbao iliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Haina nyuzi, kisu kinakwenda popote. Ila maji ni adui yake. Ipake vanishi nyembamba mara mbili kabla ya kuchonga, ukimaliza kuchonga paka tena mara moja ndani ya mifereji, la sivyo itavimba na mistari itapanda na kushuka. Mstari mwembamba kuliko milimita 2 usijaribu kwenye MDF, unamumunyuka. Msonobari uache kabisa kwa herufi: pete laini zinadidimia, pete ngumu zinabaki juu, na kila rangi inatoka na michirizi.

Uso wa ubao usawazishe kwa randa kali, umalizie kwa kukwangua na kipande cha kioo. Msasa unaacha chembe zake ndani ya mbao na chembe hizo zinaua makali ya kisu.

Maneno kinyume. Msichore juu ya ubao. Mchoraji wa Kijapani alichora kwenye karatasi nyembamba sana, mchongaji akaibandika uso chini kwa uji wa wanga, akaisugua kwa kidole mgongoni hadi mistari ionekane, akapaka mafuta kidogo ili iwe angavu zaidi, kisha akachonga kupitia karatasi hiyo. Kwa kubandikwa uso chini, mchoro unageuka wenyewe. Njia rahisi kwenu ni fotokopi. Mchoro uende steshenari, utolewe kopi nyeusi iliyokolea, ilazwe uso chini juu ya ubao, ishikwe kwa gundi ya karatasi kwenye ncha moja. Chovya pamba kwenye thina, ikamue hadi isitiririke, futa mgongo wa kopi sehemu kwa sehemu na usugue kwa mgongo wa kijiko. Wino wa unga wa fotokopi unahamia kwenye mbao. Printa ya wino wa maji haifanyi kazi hiyo. Ubao wa MDF uhamishie mchoro kabla ya kupaka vanishi, maana thina huiyeyusha. Fanyeni nje au madirisha wazi, mbali na moto, na thina aishike mtu mzima.

Kisu: chukua kipande cha bleidi ya msumeno wa chuma, kinoe upande mmoja tu, ncha iwe ya mshazari, kifunge kwenye mpini wa mti. Patasi ndogo ya mfereji tengenezeni kwa ubavu wa mwavuli mbovu. Ule wenye umbo la U ukinolewa kichwani unakata mfereji safi wa milimita 2 hadi 3.

Kuchonga kwenyewe kuna siri moja. Kisu kikipita pembeni mwa mstari, kilaze kidogo ili makali yaende *nje* ya mstari kadiri yanavyoshuka. Mstari unasimama kama tuta la viazi: juu mwembamba, chini mpana. Ukikata wima, au vibaya zaidi ukichimba chini ya mstari, utasimama siku ya kwanza na kuanguka chapa ya kumi. Baada ya hapo kata la pili kutoka upande wa pili wa mfereji, zikutane chini kama V, kijiti kitoke. Karibu na mstari kina cha milimita 2 hadi 3 kinatosha. Katikati ya eneo kubwa jeupe shuka hadi milimita 6, kwa sababu karatasi iliyolowa inabonyea na kugusa chini.

Herufi: tumbo la a, e, o lichongwe kwanza, kabla hujagusa nje ya herufi. Wakati huo mbao ya pembeni bado ipo na inalikinga. Ukianza nje, herufi inabaki imesimama peke yake na ukisukuma ncha ndani yake inapasuka. Urefu wa herufi usipungue milimita 10 kwa wanaoanza. Andikeni kwa herufi kubwa, A yenye tumbo la pembetatu ni rahisi mara tatu kuliko a ndogo.

---

Mwl_wa_Kanyenye

Asanteni sana, Dada na Fundi. Ungo umekubaliwa, na W na U zimekubaliwa kwa shangwe. Umekisia sawa, Dada: tulichora watu tisa na sentensi ya maneno kumi na nne.

Bado rangi kukaa nje ya mstari. Tulipiga misumari miwili kwenye meza na kuegemeza karatasi hapo. Je, tatizo ni misumari?

---

Ujiji_Chapa

Mwakeye Mwalimu, salamu kutoka Kigoma.

Misumari ni nusu ya tatizo. Alama ya kuwekea karatasi lazima iwe ndani ya ubao wenyewe, isiwe mezani, kwa sababu ubao unasogea na meza haisogei nao. Wajapani huichonga na huiita kento. Ziko mbili. Moja ni pembe yenye umbo la L, iko kona ya chini kulia kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Ya pili ni mstari mfupi ulionyooka, uko kwenye ukingo uleule wa chini kuelekea kushoto. Kina chake kama milimita 1. Kona ya karatasi inaingia kwenye L, ukingo unakaa kwenye mstari, kisha unaiachia karatasi ilale taratibu. Kwa hiyo ubao uwe mkubwa kuliko karatasi: kwa A4, ambayo ni sentimita 21 kwa 29.7, kateni ubao wa 25 kwa 34 na picha isizidi 16 kwa 24.

Alama hizo zichorwe kwenye mchoro wa kwanza kabisa na zichongwe pamoja na ubao wa mistari myeusi. Ukimaliza ubao huo, chapa nakala zake kwenye karatasi nyembamba kavu, *pamoja na alama zenyewe zikiwa na wino*, halafu nakala hizo ndizo mnazobandika uso chini kwenye ubao wa nyekundu na ubao wa rangi nyingine yoyote. Kila ubao unapata kento iliyozaliwa na ubao mmoja mama. Ukipima kwa rula ubao kwa ubao utakosea tu.

Nusu ya pili ni karatasi. Karatasi ya kiwandani ikilowa hutanuka, hasa kukatisha nyuzi zake, na ikikauka hujikunja kurudi. Ikitanuka asilimia 2 tu, upana wa sentimita 21 unaongezeka milimita 4. Hizo ndizo milimita 4 zako. Bila shaka nyeusi ilipigwa karatasi ikiwa katika hali moja na nyekundu ikapigwa katika hali nyingine. Dawa yake ni unyevu uleule tangu rangi ya kwanza hadi ya mwisho. Jioni, lowesha gazeti moja kwa brashi, weka karatasi mbili kavu juu yake, gazeti lingine lililoloweshwa, karatasi mbili, hivyohivyo. Funga rundo kwenye nailoni, weka ubao juu yake na jiwe. Asubuhi karatasi iwe baridi na laini ukiigusa shavuni, isiwe inameremeta maji. Zikikatwa kutoka karatasi kubwa, zote zikatwe kwa mwelekeo mmoja, la sivyo hii itatanuka kwa upana na ile kwa urefu.

Kati ya Julai na Septemba hewa ya Tabora inakausha karatasi mkononi mwako. Chapeni asubuhi mapema, milango imefungwa, na kila karatasi iliyopigwa rangi moja irudi kwenye rundo la unyevu papo hapo. Huku ziwani shida ni kinyume chake: rundo likikaa zaidi ya siku mbili linaota ukungu. Msilowanishe zaidi ya mtakazomaliza.

A4 ya kawaida ina nyuzi fupi, ikisuguliwa ikiwa mbichi inatoa manyoya. Manila nyembamba ni bora. Bora kuliko hiyo, ninavyoona, ni karatasi ya kahawia ya kufungia vitu: nyuzi zake ni ndefu, ikilowa haichaniki ovyo, na nyeusi na nyekundu hukaa juu yake kwa uzuri wa pekee. Rangi nyeupe hamtakuwa nayo, basi tungeni bila nyeupe.

Wino mweusi: masizi ya kibatari, kijiko kimoja cha chai. Yatonesheeni spiriti matone machache kwanza, kwa sababu masizi hayakubali maji moja kwa moja, yanaelea. Yakishakuwa kama tope, ongezeni maji yaliyoyeyushwa gundi ya mgunga, na sageni juu ya kioo kwa kitako cha chupa hadi mkwaruzo usisikike. Nyekundu: unga wa rangi ya sakafu, ule wa rangi tupu usiochanganywa na saruji. Uchujeni kwa kitambaa cha pamba, usageni vivyo hivyo, na mtu afunike pua wakati unga ungali mkavu.

Uji: kijiko kimoja cha chakula cha unga wa mchele, nusu kikombe cha maji baridi, koroga kwanza ndipo uweke moto mdogo, usiache kukoroga mpaka uwe angavu na mzito kama gundi ya shule. Wanga wa muhogo pia unafaa, ila unavutika zaidi, uongezewe maji. Pika wa siku ileile.

Sasa kuchapa. Lowesha ubao kwa brashi, ufute, subiri dakika chache. Weka wino kwenye sehemu iliyoinuka, tonesha uji wa ukubwa wa punje moja ya harage, sambaza vyote kwa brashi ya viatu iliyo safi: kwanza kwa duara, kisha malizia kwa mwelekeo mmoja, kwa mkono mwepesi. Nywele za brashi zisugueni mapema kwenye msasa laini zichanuke ncha. Wajapani hutumia ngozi ya papa kwa kazi hiyohiyo. Laza karatasi kwenye kento, sugua mgongo wake kwa nguvu kuanzia katikati kwenda nje. Chombo chao kinaitwa bareni, kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Mgongo wa mwiko uliopakwa mafuta kidogo unatosha kwa kuanzia, ukiweka nailoni nyembamba kati yake na karatasi.

Umesema vitone "kama ufuta". Umepatia kuliko ulivyodhani: wapiga chapa wa Japani nao hukiita kitu hicho gomazuri, na goma kwao ni ufuta. Sababu zake ni tatu: karatasi imekauka, uji ni mdogo, au mkono umebonyeza kidogo. Pia chapa tatu au nne za kwanza za ubao mkavu hutoka hivyo kila mara, hadi mbao inywe maji. Zipigeni kwenye gazeti. Mkiona kinyume chake, rangi inavuja nje ya mstari, maji yamezidi kwenye brashi. Mkiona wino umejikusanya ukingoni na kuacha ukungu katikati, kuna wino ndani ya mifereji. Futeni mifereji kwa kitambaa kila baada ya chapa tano sita. Karatasi ikigandia ubao na kuchanika, uji umezidi.

---

Kete_na_Dadu

Naongeza jambo moja. Picha sita, na dadu ina nyuso sita. Wajapani walichapa michezo ya karatasi iitwayo sugoroku, jamaa ya nyoka na ngazi, na mingi ilikuwa ya mwenendo na maendeleo ya mtu. Aina moja inaitwa tobi-sugoroku: huendi nyumba kwa nyumba, kila nyumba imeandikwa namba za dadu na mahali pa kurukia. Ukiwa kwenye picha ya taka mtaroni ukapata 1, unarudi mwanzo. Ukipata 5, unakwenda kwenye foleni. Namba nyingine unabaki hapo hadi zamu yako irudi, na nyumba ya mwisho huitwa agari. Mkizichapa picha zenu zote kwa kipimo kimoja, zikabandikwa kwenye manila moja kubwa na vimaelekezo chini ya kila moja, darasa zima litazitazama mara hamsini bila kuambiwa.

Namba 1 hadi 6 chongeni kwenye vibao vidogo vya peke yake, kama mihuri, msizichonge ndani ya picha. Mchezo ukionekana una njia isiyofika mwisho, mnabadilisha namba bila kutupa ubao.

---

Mwl_wa_Kanyenye

Nimeandika kila kitu. La mwisho: kati ya nyeusi na nyekundu, ipi itangulie? Tulianza na nyekundu tukidhani nyeusi itafunika makosa.

---

Ujiji_Chapa

Nyeusi itangulie. Ubao wa mistari ndio unaoonyesha kila rangi inapaswa kukaa wapi, kwa hiyo ukipiga nyekundu juu yake unaona kosa kwenye karatasi ya pili, wakati bado una rundo zima mkononi. Kosa likiwa dogo, chonga kidogo kwenye kento ya ubao wa nyekundu upande unaotaka karatasi isogee. Likiwa upande wa pili, bandika kipande cha manila ndani ya L. Acheni nyeusi ikae dakika kumi ndani ya rundo la unyevu kabla ya nyekundu, la sivyo mwiko utaipaka pembeni. Na kwa wanafunzi 18, lowesheni karatasi 30: kumi na nane nzuri hutoka humo.

---

Binti_Nakshi

Mwalimu, mkishahamisha mchoro wa ndoo mbili kwenye ubao, pigeni picha muiweke hapa kabla kisu hakijagusa mbao. Nataka kuona mikono. Kidole cha anayesukuma kikiwa kimelegea, mchongaji hataweza kukikaza baadaye.